Mwongozo kamili wa kulinganisha roki ya progresivu ya zamani na ya sasa kwa haki

Wapenzi wa roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi na mapigo yasiyo ya kawaida, walioko Arusha na Moshi si wengi, lakini hukutana, na kila wakikutana swali huwa lile lile: je, kazi za miaka ya 1970 zinazizidi kweli kazi za leo, au zimepewa heshima kwa sababu ya umri wake? Jioni huisha bila jibu. Mmoja hupiga wimbo wake kwa sauti ya juu kabisa, mwingine humjibu kwa kuruka moja kwa moja hadi kwenye solo ya gitaa, wa tatu hutazama simu, na mwishowe kila mtu huondoka na msimamo aliokuja nao.

Wanaoshindwa namna hii wana masikio mazuri na wanaujua muziki. Kinachowaangusha ni utaratibu: nyimbo hazikuchaguliwa kwa swali moja, hazikupigwa kwa ukubwa mmoja wa sauti, na maoni yalitolewa kabla muziki haujaisha. Mwongozo huu unapanga kikao kimoja cha jioni, kuanzia maandalizi hadi mazungumzo, ili mwishoni muweze kusema jambo mahususi kuhusu nyimbo mbili na kulitetea. Historia ya muziki huu haimo humu, kwa kuwa anayesoma hadi hapa anaijua au atajifunza kwa kusikiliza.

## Vitu vya kuandaa kabla watu hawajafika

- Watu wanne hadi sita. Wakizidi hapo, baadhi watakaa pembeni mahali ambapo spika moja inasikika kuliko nyingine, na kila mmoja atakuwa amesikia wimbo tofauti.
- Spika mbili zinazofanana, zilizounganishwa kwa waya. Sabufa ya kawaida yenye spika zake ndogo inafaa, mradi besi yake ipunguzwe kama ilivyoelezwa katika hatua ya 4.
- Nyimbo zote ziwe zimeshapakuliwa kwenye simu moja au flashi moja. Bando likiisha katikati ya wimbo wa dakika 18, kikao kimeharibika, kwa sababu wimbo wa namna hiyo haurudiwi kuanzia ulipokatikia.
- Simu ya pili yenye programu ya kupimia sauti kwa desibeli. Zipo za bure.
- Daftari na kalamu kwa kila mtu. Anayeandika kwenye simu hataacha kusoma ujumbe unaoingia.
- Saa mbili na nusu ambazo hakuna anayesubiriwa mahali pengine.

Hedifoni nzuri ya waya inaweza kuchukua nafasi ya spika, lakini itawalazimu kusikiliza kwa zamu, na kikao kitarefuka mno.

## Hatua ya 1: Wekeni mpaka wa miaka

Kubalianeni kwamba "zamani" ni rekodi zilizotoka kati ya 1969 na 1977, na "sasa" ni zilizotoka kuanzia 2001. Kilichopo katikati, kama rekodi za bendi za Marillion (1983) na Dream Theater (1992), kiwekwe kando kwa ajili ya siku nyingine. Mpaka huu unaweza kubishaniwa, lakini bila mpaka wowote, kila anayezidiwa kwa hoja atahamisha wimbo upande unaomfaa.

Kinachohesabiwa ni mwaka wa rekodi, wala si jina la bendi. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza Oktoba 1969 na albamu yao ya mwisho ya studio mwaka 2003, kwa hiyo jina lao linaweza kuonekana pande zote mbili. Vilevile jihadharini na kazi mpya zilizotengenezwa kwa makusudi zifanane na za kale. "Heritage" ya Opeth kutoka Sweden ilitoka 2011, lakini sauti yake imeelekea waziwazi miaka ya 1970. Ni kazi ninayoiheshimu, ila ukiitumia kuonyesha jinsi muziki wa leo unavyosikika utapotosha kikao kizima.

## Hatua ya 2: Chagueni jozi kwa swali, wimbo kwa wimbo

Hapa ndipo panapohitaji subira. Swali la "ipi bora" ni pana mno kujibika kwa jioni moja. Swali linalojibika ni dogo: nani ameushika wimbo mrefu usimchoshe msikilizaji? Nani ametumia mapigo yasiyo ya kawaida yakawa muziki badala ya hesabu? Chagueni swali kwanza, kisha mtafute wimbo mmoja wa zamani na mmoja wa sasa unaolijibu. Jozi nne zifuatazo zinatosha kwa vikao vya mwanzo.

Mapigo. "Money" ya Pink Floyd (1973) na "Schism" ya Tool (2001). Zote mbili ni za dakika sita na ushee, na zote mbili zilipendwa na watu wengi ambao hawakujua kwamba zinahesabika kwa taabu. "Money" huzunguka kwa mapigo 7 badala ya 4 yaliyozoeleka, ikabaki humo hata wakati wa solo ya saksafoni, kisha ikahamia 4 gitaa linapoingia. "Schism" imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya 5 zikifuatwa na 7.

Waimbaji wengi. "Knots" ya Gentle Giant (1972) na "Cockroach King" ya Haken (2013). Katika zote mbili waimbaji hugawana maneno na kuyapokezana mpaka sentensi moja inakamilishwa na vinywa kadhaa. Haken hawafichi kwamba wamejifunza kwa Gentle Giant, na ndiyo maana jozi hii inafaa: mtoto anapimwa mbele ya mzazi wake.

Wimbo mrefu. "Close to the Edge" ya Yes (1972), inayojaza upande mzima wa santuri kwa zaidi kidogo ya dakika 18, na "Anesthetize" ya Porcupine Tree (2007), inayokaribia urefu huo. Wa kwanza una sehemu nne na hurudi mwishoni kwenye wazo la mwanzo. Wa pili una sehemu tatu, ukianza taratibu, ukipanda hadi gitaa nzito, kisha ukishuka kwenye utulivu. Sikilizeni solo ya gitaa iliyomo katika "Anesthetize" mkijua kwamba aliyeipiga ni Alex Lifeson wa Rush, bendi iliyotoa "2112" mwaka 1976.

Rangi ya sauti. "Epitaph" ya King Crimson (1969) na "The Raven That Refused to Sing" ya Steven Wilson (2013). Sauti za ala za nyuzi zinazosikika katika "Epitaph" zinatoka kwenye Mellotron, kinanda ambacho kila kibonyezo chake huchezesha kipande cha mkanda chenye sauti iliyorekodiwa kwa takriban sekunde 8, kisha mkanda hujirudisha. Mpigaji hawezi kushikilia noti kupita hapo, na huo mtetemo mnaousikia ni wa mkanda wenyewe. Wilson ametumia nyuzi za orkestra halisi, na aliyesimamia kurekodi ni Alan Parsons, yule yule aliyekuwa fundi wa sauti wa "The Dark Side of the Moon" mwaka 1973.

Anzeni na mapigo na waimbaji wengi katika kikao cha kwanza, kwa kuwa nyimbo zake ni fupi na zinaweza kurudiwa mara mbili. Wimbo mrefu upewe jioni yake peke yake.

Mkitaka kutengeneza jozi zenu, fuateni kanuni hii: anayetetea zamani ndiye achague wimbo wa sasa, na anayetetea sasa achague wa zamani, kila mmoja akitafuta ule anaouheshimu zaidi katika upande asioupenda. Bila kanuni hii hutokea dhuluma ambayo haionekani upesi. Kazi za 1972 tunazozijua zimeshachujwa kwa miaka 50. Zilizochosha zimesahaulika na hakuna anayezipiga. Kazi za sasa hazijachujwa bado, na mtu huchukua chochote alichopendekezewa na programu ya simu yake wiki iliyopita. Kulinganisha kilele cha zama moja na sampuli ya bahati nasibu ya zama nyingine hakuthibitishi lolote.

Mtajua hatua hii imefaulu pale ambapo kila mtu chumbani anaweza kulitaja swali la jozi kwa sentensi moja kabla wimbo haujaanza.

## Hatua ya 3: Kagueni toleo

Albamu nyingi za zamani zipo katika matoleo matatu au zaidi: la awali, lililosafishwa upya, na lililochanganywa upya, yaani ala na sauti zikapangwa upya kutoka kwenye mikanda ya studio. Haya hayafanani. Steven Wilson huyo huyo amechanganya upya albamu za King Crimson, Yes, Jethro Tull na wengine, na mtu anayesikiliza "Close to the Edge" katika mchanganyiko wake anasikia uchezaji wa 1972 uliopangwa na sikio la karne hii. Besi imesogezwa, sauti za waimbaji zimetenganishwa, ukungu umepungua.

Binafsi napendelea toleo lililo karibu zaidi na la awali kwa kikao cha kulinganisha, kwa sababu tunapima zama nzima, pamoja na mafundi wake. Lakini jambo la lazima ni kwamba toleo liandikwe daftarini pamoja na mwaka wake. Maelezo hayo huonekana kwenye ukurasa wa albamu, mara nyingi ndani ya mabano baada ya jina.

## Hatua ya 4: Andaeni chumba

Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa bati, na mvua ya masika ikianza kupiga, kati ya Machi na Mei, hakuna wimbo wa utulivu utakaosikika. Muziki huu hutegemea sana utulivu. Katika albamu ya kwanza ya King Crimson upo wimbo wa dakika 12, "Moonchild", ambao sehemu yake kubwa ni ala zinazonong'ona. Ukipigwa chini ya bati lenye mvua utaonekana kama kosa la mitambo. Chagueni chumba chenye dari, na kama hakuna, ahirisheni. Zimeni feni. Fikirieni pia kilicho jirani: kanisa lenye kipaza sauti, mashine ya kusaga, kijiwe cha bodaboda.

Pangeni spika mbili usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, zikiwa mbali kidogo na ukuta, na viti viwekwe mbele yake kiasi kwamba umbali wa kutoka spika hadi spika ulingane na umbali wa kutoka spika hadi msikilizaji. Sabufa isiwekwe kwenye kona. Kona huongeza besi, na besi iliyoongezwa huzipendelea rekodi za sasa, ambazo gitaa zake ni nzito zaidi, huku ikizifunika rekodi za zamani ambazo besi yake ni ya kuimba. Chris Squire wa Yes alilipiga gitaa la besi kwa ukali wa juu, karibu kama gitaa la solo. Sabufa iliyofunguliwa mpaka mwisho humgeuza kuwa ngurumo.

Vitufe vya besi na trebo viwekwe katikati, na mipangilio yote ya kupamba sauti kwenye simu izimwe.

## Hatua ya 5: Sawazisheni ukubwa wa sauti

Kama mna muda wa kurekebisha jambo moja tu, rekebisheni hili. Vikao vingi vinavyoshindwa hushindwa hapa, na wahusika hawajui.

Kati ya rekodi mbili, ile inayotoka kwa sauti ya juu kidogo huonekana nzuri zaidi: ina uhai, ina besi, ina uwazi. Sababu yake iko kwenye sikio lenyewe. Watafiti Fletcher na Munson walichapisha mwaka 1933 vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti inaposhuka, sikio hupoteza sauti nzito haraka kuliko zile za katikati. Kwa hiyo wimbo uliopigwa chini hupungukiwa na besi hata kama besi imo. Tofauti ya desibeli 2 inatosha kumfanya msikilizaji aseme kwamba wimbo mmoja "una nguvu" bila kutambua kwamba kilichobadilika ni sauti tu.

Tatizo hili huangukia upande mmoja. Kuanzia miaka ya 1990, studio nyingi zilizoea kubana tofauti kati ya sehemu za sauti ndogo na za sauti kubwa ili wimbo mzima utoke kwa kishindo. Rekodi za 1972 hazikubanwa kiasi hicho. Ukiacha kitufe cha sauti mahali pamoja, wimbo wa sasa utaushinda wa zamani kwa ukubwa kabla haujaushinda kwa muziki. Kinyume chake, baadhi ya watetezi wa zamani hufungua sauti zaidi kwenye wimbo wao kwa nia njema, na dhuluma ikageuka upande.

Fanyeni hivi:

1. Wekeni simu ya kupimia kwenye kiti cha katikati, kipaza sauti chake kikielekea spika, na isisogezwe tena.
2. Pigeni wimbo wa kwanza kwenye sehemu ambayo bendi nzima inapiga na mwimbaji anaimba. Acheni ipime dakika moja na muandike wastani, si kilele.
3. Rudisheni kitufe cha sauti mpaka wastani ufike karibu na desibeli 75. Hapo ni juu ya mazungumzo ya kawaida, na bado mbali na 85, kiwango ambacho kikidumu kwa saa nyingi huanza kudhuru masikio.
4. Fanyeni vivyo hivyo kwa wimbo wa pili mpaka tofauti isizidi desibeli 1.
5. Wekeni alama ya kalamu kwenye kitufe, au andikeni namba ya sauti ya kila wimbo, ili mwendeshaji aibadilishe bila kubahatisha.

Programu ya simu si chombo cha maabara, na namba yake inaweza kuwa imekosea kwa desibeli kadhaa. Hilo halina madhara, kwa sababu inakosea kwa kiasi kile kile kwa nyimbo zote mbili, nanyi mnatafuta usawa tu. Msipime sehemu za utulivu: mkiulazimisha mwanzo wa ndege na maji wa "Close to the Edge" ufike 75, bendi itakapoingia mtaruka vitini.

Dalili ya mafanikio ni hii: mnapohama kutoka wimbo mmoja hadi mwingine, hakuna mkono unaonyooshwa kuelekea kitufe cha sauti.

## Hatua ya 6: Sikilizeni mara mbili, kila mara kwa kazi yake

Mara ya kwanza sikilizeni mpaka mwisho bila kuandika na bila kuzungumza. Anayeandika dakika ya kwanza huanza kutafuta ushahidi wa kile alichoandika. Mara ya pili, daftari liwe wazi na saa ya wimbo ionekane kwa wote.

Kwa jozi ya mapigo, kabla ya mara ya pili fanyeni zoezi la kuhesabu kwa maneno, kwa sababu namba husahaulika na maneno hubaki mdomoni. Mapigo 7 ya "Money" yanakaa sawasawa juu ya silabi za "ma-ji ya-me-mwa-gi-ka". Semeni kwa mwendo wa gitaa la besi linaloanza baada ya sauti za sarafu, mkigonga mguu kwenye "ma" tu. Solo ya gitaa itakapoingia, maneno yatakataa ghafla kukaa, na hapo mtakuwa mmeligundua badiliko la kwenda 4 kwa mwili kabla ya kuelezwa. Kwa "Schism", tangulizeni silabi 5 za "Ki-li-ma-nja-ro", kisha "ma-ji ya-me-mwa-gi-ka", kwa kasi ya noti za gitaa la besi la mwanzo. Zoezi huchukua dakika chache na linafungua masikio kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu. Waliokulia karibu na ngoma za mapigo 6 mara nyingi hulipata upesi, kwa kuwa hawajazoea kuamini kwamba kila muziki ni wa 4.

Kwa wimbo mrefu, mnapoandika, wekeni alama ya dakika kila mnapohisi sehemu mpya imeanza. Wapenzi wa dansi wana faida hapa: wameshazoea wimbo unaoanza kwa utenzi wa taratibu kisha ukafunguka kwenye sebene, na wanajua kusubiri. Waulizeni wimbo ulifunguka wapi, nao hutaja dakika bila kusita.

Maneno ya Kiingereza yasiwe kikwazo. Anayeyaelewa aeleze kiini chake kwa Kiswahili kati ya kusikiliza mara ya kwanza na ya pili, kwa sentensi mbili au tatu: kwamba "Anesthetize", kwa mfano, inahusu vijana waliokufa ganzi kwa vidonge na skrini. Asitafsiri wimbo ukiwa unaendelea.

Jozi inayofuata igeuzwe mpangilio, wa sasa utangulie. Wimbo wa pili husikilizwa daima kwa kumbukumbu ya wa kwanza, na upande mmoja usibebe mzigo huo kila mara.

## Hatua ya 7: Andikeni kabla ya kusema

Wimbo wa pili ukiisha, chumba kikae kimya kwa dakika tano na kila mtu ajibu maswali haya kwa kalamu: Ni sehemu gani ungependa kuirudia sasa hivi, na iko dakika ya ngapi? Umakini wako ulipotea wapi? Ni ala ipi ingeondolewa bila wimbo kupungukiwa? Mwisho wa wimbo umefika kwa haki, au umekatwa tu?

Ukimya huu una sababu ya nyumbani. Kwetu mzee akishatoa neno, vijana hawampingi mbele za watu, na ni malezi mema. Lakini katika kikao cha kusikiliza, heshima hiyo huzima masikio ya nusu ya chumba. Mzee aliyenunua santuri zake enzi hizo akisema "hawa wa sasa wanapiga kelele tu", kijana aliyesikia uzuri katika Haken atautafuna ulimini na kunyamaza. Yakiwa yameshaandikwa, hayafutiki.

## Hatua ya 8: Zungumzeni kwa dakika na sehemu

Aanze mdogo kwa umri, amalizie mkubwa. Heshima ya mzee haipungui, kwa kuwa neno la mwisho ni lake, na kwa kawaida huwa neno zuri zaidi baada ya kuwasikia wengine. Kila dai litaje dakika. "Ngoma zinanichosha" si dai. "Kuanzia dakika ya 9 mpiga ngoma anajaza kila nafasi na mwimbaji hapati pa kupumulia" ni dai, na linaweza kupigwa tena na kukaguliwa papo hapo.

Dai moja hurudi katika kila kikao, na lishughulikiwe kwa uangalifu: kwamba muziki wa zamani ulipigwa na watu pamoja, na wa sasa umeunganishwa kwa kompyuta. Kwa nyimbo nyingi za leo lina ukweli. Wapigaji wengi hurekodi wakifuata mapigo ya mashine masikioni. Lakini tazameni jozi zetu wenyewe. "Close to the Edge" iliundwa studio kwa vipande vifupi vifupi, na fundi Eddie Offord akaviunganisha kwa kukata na kugundisha mkanda. Albamu ya "The Raven That Refused to Sing" ilirekodiwa Los Angeles kwa sehemu kubwa bendi ikipiga pamoja chumbani. Anayesikia "uhai" katika wa kwanza hajakosea, uhai umo, ila hautokani na pale anapodhani. Itafuteni sababu yake katika uchezaji wenyewe, dakika kwa dakika.

Kwa maoni yangu, zamani wanashinda mara nyingi kwenye melodia: baada ya wiki mbili bado ninaimba kiitikio cha "Close to the Edge" nikiwa njiani kwenda sokoni Kilombero, Arusha, na sivyo kwa nyimbo nyingi za sasa ninazozipenda. Wa sasa wanashinda kwenye ngoma na kwenye miisho. Gavin Harrison wa Porcupine Tree anapiga magumu bila kuyatangaza, jambo ambalo wengi wa 1972 hawakulijali. Udhaifu wa kazi za leo ni wingi: noti nyingi, tabaka nyingi, na woga wa kuacha nafasi tupu. Msikubali maoni haya bila kuyapima kwenye jozi zenu.

## Mambo yanayokwama mara kwa mara

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, msiendelee na spika ndogo ya simu ili kumaliza. Subirini, na ukirudi pimeni sauti upya kabla ya kuanza wimbo huo tangu mwanzo, kwa sababu baadhi ya sabufa hurudi kwenye kiwango chake cha awali zikiwashwa.

Wote wakikubaliana haraka, jozi ilikuwa mbovu. Irudisheni kwenye hatua ya 2 na mbadilishe wimbo dhaifu.

Mtu akisema amechoka, aaminiwe. Jozi mbili fupi zinatosha kwa jioni. Baada ya hapo sikio hukubali chochote.

## Mkihamia albamu nzima

Baada ya jozi zote nne mnaweza kulinganisha albamu kwa albamu, na hapo kuna kipimo kimoja cha kuongeza. Upande wa santuri ulibeba dakika 20 na kitu, hivyo "Close to the Edge" nzima haifiki dakika 40, tena ina mapumziko ya lazima katikati ya kugeuza santuri. Diski za CD zilifungua zaidi ya dakika 70, na bendi zikazijaza: "Fear Inoculum" ya Tool ya 2019 inakaribia dakika 80 kwenye CD. Kwa hiyo mpeni msikilizaji wa albamu ya sasa mapumziko yale yale, robo saa ya chai katikati, kila baada ya dakika 20 hadi 25 kama wimbo unaruhusu, na maswali ya hatua ya 7 yajibiwe mwishoni mwa kila sehemu badala ya mwishoni mwa albamu. Katika daftari, gawanyeni albamu ndefu kana kwamba ni santuri mbili, kisha mlinganishe kila nusu yake na ile ya zamani peke yake.